Neno la Adabu kwa Mwandiko wa Lettice

*Daftari hili ni la Hester Garbutt wa Askerby, Yorkshire. Amelianza ili aache kuzungumza na viti.*

Jumatatu, 5 Septemba 1898

Sanduku limefika. Mchukuzi wa stesheni aliliburuta hadi mlangoni akaniuliza kama nimeagiza matofali. Nilipomwambia ni karatasi tupu, alinitazama kwa huruma akaondoka bila hata kungoja bilauri ya bia.

Mna vikaratasi mia mbili na kumi na vinne, vimefungwa mafungu kwa uzi, na vyote vinahusu neno moja tu: kindly. Ndilo lile neno la adabu tunalolitanguliza mbele ya ombi ili mwombaji asionekane mkorofi. Kazi yangu ni kulitafutia asili yake, maana zake zote na njia lililopitia, halafu nimrudishie Dk. Pell, mhariri wa Kamusi, kabla ya tarehe 15 Desemba.

Kwa haki kazi hii ni ya Baba. Yeye ndiye aliyekabidhiwa maneno ya herufi K, miaka kumi na sita iliyopita, alipostaafu ualimu. Kwa miaka kumi na miwili ya mwisho macho yake hayakuona kitu. Mimi nilimsomea kila karatasi kwa sauti, naye alikaa kitini pake na kusema, "Hiyo weka kule." Tangu tulipomzika mwezi wa Aprili hakuna aliyeniambia niweke kitu kule.

Sheria ya Kamusi ni moja. Wasomaji wa kujitolea, nchi nzima, husoma vitabu na barua, na kila wanapolikuta neno huandika sentensi yake kwenye kikaratasi, pamoja na mwaka na jina la aliyeiandika. Neno lisilo na karatasi, kwetu sisi, halijapata kusemwa na mtu.

Jumanne, 6 Septemba

Mvua. Shayiri ya watu bado imesimama shambani.

Jumamosi, 10 Septemba

Nimetandaza marundo kwenye meza ya kulia. Keziah Mudd, anayetupikia na kutufulia tangu mimi nasuka nywele mikia miwili, amenuna kwa kuwa sasa ninakula jikoni.

Rundo la kwanza ni la kale hasa, miaka elfu moja nyuma, la watawa na wafalme wao. Humo neno letu halina adabu yoyote. Limetokana na neno la ukoo, la watu wa damu moja, na maana yake ni "kwa asili, kama uzawa unavyotaka". Mto unashuka hivyo. Mbegu inaota hivyo. Mama anamnyonyesha mwanawe hivyo, na hakuna anayemshukuru.

Nilimweleza Keziah mambo haya wakati anachochea jiko. Akaniambia kwamba hata yeye husema hivyo. Moto wa leo, kwa mfano, umeshika kindly, yaani umeshika wenyewe kama moto unavyopaswa. Nikamwambia maana hiyo imekufa tangu zama za babu wa babu zetu.

"Basi nami ni maiti," akasema, "na chai yako imeiva."

Nimecheka peke yangu hadi nikaona aibu.

Alhamisi, 15 Septemba

Rundo la pili. Hapa neno limeingia nyumbani: kutenda kama mtu atendavyo kwa ndugu yake, kwa upendo. Nimevipenda sana vikaratasi vya rundo hili. Ila nimegundua kwamba karibu wote walioviandika wamekufa. Mchungaji wa Lincoln mwenye herufi zinazolala, amekufa. Yule bibi wa Bath aliyekuwa akibandika ua kavu pembeni, naye amekufa. Nashinda na mikono ya wafu mezani, na kila mmoja ananinyooshea neno lile lile.

Jumanne, 20 Septemba

Mvua. Mafua.

Jumatatu, 26 Septemba

Leo siko sawa, na nitaandika kwa nini.

Nilikuwa katika rundo la nne, lile la maombi, ambako watu wanaomba wapishwe, wanaomba wapitishiwe chumvi. Nikashika kikaratasi kimoja, nikakisoma, nikakiweka. Mkono wangu ukakirudia wenyewe. Mkia wa herufi y ulirudi nyuma ukapita chini ya neno zima. Hakuna duniani aliyeandika y vile isipokuwa mdogo wangu, Lettice.

Nimepekua yote. Vyake ni kumi na tisa. Cha mwisho kina tarehe ya mwaka juzi. Maana yake mwaka juzi alikuwa hai.

Lettice aliondoka hapa mwaka 1887, miezi sita kabla ya ile barua ya Baba nitakayoieleza. Aliolewa na Raine, mlinzi wa ishara wa reli, bila kumuuliza mtu. Kabla mwaka haujaisha Raine aligongwa na behewa, akafa. Lettice alikuwa mjamzito. Aliandika kuomba arudi nyumbani ajifungulie hapa. Baba alimkatalia kwa barua, na tangu siku hiyo hatukupata neno lake. Hivyo ndivyo ilivyokuwa.

Jumanne, 27 Septemba

Sikumwambia Keziah.

Jumamosi, 1 Oktoba

Shayiri imevunwa hatimaye, nusu yake imeoza. Nimerudia rundo la tatu, la shukrani. Sijaligusa tena la nne.

Jumanne, 4 Oktoba

Wasomaji wetu ni mafukara au ni mabahili, na karatasi ni ghali. Wanaandika kwenye chochote: bahasha za zamani, karatasi za kufungia chai, matangazo ya minada. Baba alikuwa akitania kwamba upande wa nyuma wa Kamusi una habari nyingi kuliko upande wa mbele. Kwa hiyo nimezoea kuvigeuza.

Leo nimevigeuza vya Lettice. Saba kati ya kumi na tisa vina maandishi nyuma, yamekatwa kwa mkasi, na mwandiko ni wangu.

Ni ile barua ya Baba, niliyomwandikia mimi. Aliikata vipande vya saizi ya Kamusi akaitumia.

Nilikaa chini sakafuni. Keziah aliingia na ndoo akaniuliza kama nimedondosha kitu. Nikasema ndiyo, sindano. Maskini naye akapiga magoti kuitafuta.

Jumatano, 5 Oktoba

Sijavipanga ili nisome. Naijua barua ile.

Jumapili, 9 Oktoba

Kanisani, mhubiri alisema juu ya wana wapotevu. Nilihesabu vioo vya dirisha.

Jumamosi, 15 Oktoba

Rundo la tano, la mwisho. Humo neno bado lina nguo za ombi lakini ndani yake ni amri. Mwenye nyumba anamwomba mpangaji ahame. Karani anamwomba mjane asimsumbue tena. Ni rundo jipya, halijafika hata miaka mia.

Na namba 61 ni kimoja cha vile kumi na tisa vya Lettice, ambavyo nilivigeuza nyuma bila kuvisoma vyote mbele. Hakuinukuu kitabuni. Ameandika hivi, kwa wino mweusi na herufi zilizotulia:

*Kindly usirudi tena katika nyumba hii. — J. Garbutt, barua kwa bintiye, 23 Novemba 1887.*

J. ni Josiah. Ni Baba.

Nimekitia mfukoni mwa aproni. Sanduku litarudi na vikaratasi mia mbili na kumi na vitatu, na hakuna atakayekufa kwa hilo.

Jumapili, 16 Oktoba

Nimelala nacho mfukoni. Upuuzi wa mwanamke wa miaka arobaini na miwili.

Alhamisi, 20 Oktoba

Nimekaa muda mrefu mbele ya kiti cha Baba. Alikuwa mkali, hilo wanafunzi wake wote watalisema. Ila nimeanza kumkasirikia upya, kana kwamba barua imeandikwa jana. Ni mzazi gani anayemfungia mlango binti mwenye mimba, halafu anataka kusomewa sentensi za upendo kila asubuhi? Na mimi je? Mimi nilikuwa kalamu. Aliniamuru nikaandika.

Jumamosi, 29 Oktoba

Nimemwandikia Dk. Pell kumwomba anwani ya msomaji L. R., kwa kisingizio kwamba nina shaka na tarehe fulani. Nimekuwa mwongo wa kistaarabu.

Jumamosi, 5 Novemba

Mioto ya sherehe ya kila Novemba, kila kona ya kijiji, watu wanakula keki ya tangawizi wakiwa wamelowa. Keziah ameniletea kipande. Akasema Bi Lettice alikuwa akiipenda ile ya pembeni iliyoungua. Mwaka wa kwanza tangu Lettice aondoke, Keziah alilitaja jina lile mbele yangu nami nikamkemea. Leo nilikipokea kipande nikakila. Akanitazama, kisha akatoka.

Jumamosi, 12 Novemba

Jibu la Dk. Pell. Nalinakili hapa kwa kifupi.

Anasema msomaji ni Bi L. Raine, nyumba namba tisa, uani kwa wasuka kamba, Hull. Ni msomaji wake bora wa barua na mahubiri. Halafu anasema msaidizi wake aliorodhesha vikaratasi vyote kabla ya kunitumia, na katika orodha ameona namba 61. Hajapata mfano bora kuliko huo. Ni mfupi, una tarehe, "na adabu yake haina chembe ya huruma, ndicho hasa tunachotafuta". Akaendelea: "Naona mwandishi ni marehemu baba yako. Sijui alikuwa katika jambo gani zito hata akaandika hivyo, wala siulizi. Lakini alitutumikia miaka kumi na sita bila malipo, na jina lake halimo popote katika Kamusi. Ningependa liwemo. Tukichapa mfano huu, jina lake litakaa humo muda wote ambao watu watasoma Kiingereza."

Anataka kumfanyia heshima.

Jumatatu, 14 Novemba

Kwa hiyo namba 61 haiwezi kupotea. Na kama ikipigwa chapa, kila mwanafunzi wa Baba atafungua ukurasa na kuona kwamba Mwalimu Garbutt alimfukuza mwanawe. Basi na waone, nikajiambia. Ni kweli, si ni kweli?

Kikohozi. Nimepiga pasi mashuka ambayo hayakuhitaji pasi.

Ijumaa, 18 Novemba

Naanza barua kwa Lettice. Nimechana tatu.

Jumatano, 23 Novemba

Leo ni sikukuu ya Martin ya Kale, siku ambayo watumishi wote wa mashambani huku kwetu wanamaliza mwaka wao, wanabeba visanduku vyao na kwenda kwa mama zao wiki nzima. Barabara tangu asubuhi imejaa wasichana wanaocheka. Miaka kumi na moja iliyopita siku kama hii niliandika barua ile, huku wanapita hivi hivi dirishani.

Nilimaliza barua yangu kwa Lettice saa nne. Nilijiona nimeandika vizuri mno. Nikamwita Keziah, maana yeye hajui kusoma na nilitaka sikio la mtu mwingine, nikamsomea. Nilimweleza Lettice kwamba nasikitika, kwamba Baba alikuwa na moyo mgumu, kwamba alinikalisha mezani na kunitamkia neno moja moja nami sikuwa na uwezo wa kukataa, nilikuwa kalamu tu mkononi mwa mzee.

Keziah alikuwa amesimama, mikono yake imekunjwa ndani ya aproni. Akasema, "Hivyo sivyo alivyosema, Bi Hester."

Nikamuuliza yeye amejuaje.

"Nilikuwa nazoa majivu palepale mekoni. Hamkuniona. Nyie hamtuonagi tukiwa na majivu." Hakusema kwa ubaya. "Mwalimu alisema ana hasira, asije sasa. Akasema aje Krismasi, hadi hapo atakuwa ametulia. Akasema umwambie chumba chake kitawashwa moto."

Nikamwambia amechanganya. Nikamwambia ni uzee. Nikamwambia maneno mengine ambayo sitayaandika. Alingoja hadi nilipoishiwa.

"Na Krismasi ile," akasema, "nilikiwasha mimi. Siku kumi na mbili. Nani aliniagiza, kama si yeye?"

Ametoka. Kutwa nzima nimekaa hapa, nami nitaandika yote, kwa kuwa bila karatasi jambo halikutendeka, na nimeishi miaka kumi na moja kwa kanuni hiyo.

Baba alisema: aje Krismasi. Nakumbuka. Nilikuwa nimelizika, lakini halikuwa limeoza. Alisema "nina hasira" kwa sauti ya mtu anayejicheka. Kisha akalala palepale kitini, kama alivyozoea baada ya chakula, akaniacha mimi na kalamu.

Kwa miezi sita tangu Lettice aolewe, nyumba ilikuwa yangu. Kabla ya hapo Baba alikuwa akiingia chumbani na kuuliza "Lettice yuko wapi?" huku nimesimama mbele yake. Lettice akiimba, Lettice akivunja vikombe, Lettice akichekewa. Mimi nilijua kufunga vitabu vya matumizi. Halafu macho yake yakafa, naye Lettice akaondoka, na kila asubuhi ikawa ni mimi na yeye na neno moja mezani, "Hester, soma tena hiyo." Nilikuwa na furaha. Nasema wazi: sijapata furaha kubwa kuliko ile. Na sasa alikuwa anarudi, tena na mtoto.

Nikaandika asirudi tena. Nikaona inakatika vibaya, inasikika kama tusi, nikatanguliza lile neno la adabu. Nililitafuta, nalo likaja. Nikatia sahihi kwa jina la Baba, "kwa mkono wa H. G.", kama nilivyokuwa nikifanya kwa barua zake zote. Nikalamba bahasha na kuipeleka posta mwenyewe, nikapishana na wale wasichana na visanduku vyao.

Krismasi Baba alikaa amevaa koti lake zuri. Akaniuliza, "Kajibu?" Nikasema hapana. Ilikuwa kweli. Mwaka Mpya akauliza tena. Baadaye hakuuliza, alikuwa na kiburi na barua zake zote zilipita kwangu. Nilidhani amesahau. Nilitaka awe amesahau. Kisha, polepole, nikaanza kusema moyoni kwamba ni yeye aliyesema, na mwishowe nikamwona hasa akisema, midomo yake ikitamka.

Nimeanza neno la watu wa damu moja kutoka rundo la kwanza, nimelifuata miaka elfu nzima, na mwisho wa njia yake nimemkuta nani mlangoni, ameshika kitasa? Mimi.

Alhamisi, 24 Novemba

Nimemwomba Keziah msamaha. Akasema supu itapoa.

Jumamosi, 26 Novemba

Barua niliyomwandikia Lettice nimeichoma. Jambo hili si la barua. Hata nikiandika kweli tupu, ataufahamu mwandiko, na kwa mwandiko huu ana haki ya kutoamini kitu.

Alhamisi, 1 Desemba

Hull. Naandika katika chumba cha abiria, treni yangu imechelewa kwa ukungu.

Ua wa wasuka kamba unanuka lami. Nilibisha namba tisa, na aliyefungua alikuwa mwanamke mwenye mvi mbele, pini mdomoni, na kipimo cha fundi shingoni. Nilimjua kwa jinsi alivyosimama kwa mguu mmoja. Yeye alinijua mara moja.

"Dada," akasema, akazitoa pini moja moja. "Ingia, baridi inaingia."

Chumba kimoja, safi. Magauni ya watu yamening'inia ukutani. Mezani kitabu cha mahubiri kimefunguliwa na pembeni yake vikaratasi, vimekatwa vizuri, tayari. Alinitengea chai. Akasema alisoma gazetini kwamba Mwalimu Garbutt amefariki, ila yeye hakuvaa nguo nyeusi za msiba. Alisema kwa utulivu wa mtu anayeeleza hali ya hewa. Mtoto alizaliwa Januari, mvulana, chumba hiki hiki. Aliishi siku tisa. Moshi na unyevu, daktari alisema, laiti angehamishiwa kwenye hewa ya mashamba.

Nilikuwa nimeshika kikombe. Nikakiweka chini, nikamwambia. Sikuzunguka. Nilimwambia Baba alisema nini, nami niliandika nini, na kwa nini. Nilimwambia juu ya koti, na moto wa siku kumi na mbili. Wakati wote huo alishona. Alifika mwisho wa mshono, akakata uzi kwa meno.

"Ile namba sitini na moja," akasema. "Unajua kwa nini niliituma?"

Nikasema nilidhani alitaka ulimwengu ujue.

"Ulimwengu unanihusu nini. Nilijua K inapita mezani kwake. Nilijua wewe unamsomea kwa sauti. Nikasema siku moja mtafika kwenye neno hilo, nawe utaishika, utaisoma, naye atakaa kitini pake alisikie alilosema." Sasa mikono yake ilikuwa imetulia. "Nimengoja miaka tisa mfike."

Nikamwambia sanduku lilikuja Septemba. Baba alikufa Aprili.

"Ndiyo. Nimeshapiga hesabu."

Uani mtu alikuwa akivuta kamba, gurudumu linalia.

"Miaka kumi na moja nimemchukia mtu aliyekuwa ananingoja," Lettice akasema. "Sasa chuki yote hii niipeleke wapi?"

"Nipe mimi."

Ndipo aliponitazama, mara ya kwanza tangu nilipoketi, na uso wake ulikuwa mzee kuliko wa Keziah.

"Wewe?" akasema. "Wewe nilikuwa nakuombea. Kila usiku, dada. Nilikuwa nasema, maskini Hester, kakalishwa akalazimishwa kuniandikia vile kwa mkono wake. Nilikulilia kuliko nilivyojililia."



Aliuliza kaburi liko upande gani wa kanisa. Nikamwambia kaskazini, karibu na ukuta. Akasema atakuja tarehe kumi na tatu, siku atakayokuwa ameshapeleka nguo za harusi za mteja. Nikasema nitampokea stesheni. Akatikisa kichwa. Nikasema basi nyumba iko wazi, chumba chake kipo. Alisimama, akanifungulia mlango, akashika kitasa hadi nilipopita. Hakuubamiza.

Jumamosi, 3 Desemba

Nimeitoa namba 61 mfukoni. Nimepiga mstari juu ya J. Garbutt. Juu yake nimeandika kwa wino, herufi za kuchapwa ili mpiga chapa asikosee: *Hester Garbutt, barua kwa mdogo wake, aliyoighushi kwa jina la baba yao.* Nikaweka tarehe ya leo kando ya sahihisho, kama kanuni inavyotaka.

Nimemweleza Dk. Pell kwamba karatasi ilikosewa jina la mwandishi, kwamba Baba hakupata kuandika wala kutamka sentensi ile, na kwamba kama bado ndiyo bora kuliko zote, aichape hivyo hivyo. Vikaratasi mia mbili na kumi na vinne. Nimevihesabu mara mbili.

Mchukuzi akauliza kama sasa narudisha matofali.

Jumatano, 7 Desemba

Theluji kidogo. Tumefua mapazia ya chumba cha Lettice.

Jumamosi, 10 Desemba

Dk. Pell amejibu mistari miwili. Ataichapa. Hakuuliza kitu, na hakumaliza kwa salamu zake za siku zote.

Jumanne, 13 Desemba

Tangu alfajiri nilikuwa na makaa na kuni. Niliwasha mekoni kote, chini na juu, hata chumba cha vitabu ambacho hakijawashwa tangu Aprili. Keziah alisema tutamaliza makaa ya mwezi. Nikamwambia tuyamalize.

Alishuka kwenye treni ya saa sita. Nilimwona toka mlango wa jikoni akipita ng'ambo ya ukuta wa kanisa, shali nyeusi kichwani. Nyeusi. Aliingia kwa lango dogo, akaenda moja kwa moja upande wa kaskazini. Sikwenda. Kule Hull aliniambia kwa kutikisa kichwa tu, lakini nilielewa.

Saa moja ikapita, na zaidi. Baridi ilikuwa ya kuvunja mawe. Mwishowe Keziah alijifunga kitambaa, akachukua chai ndani ya kopo na mkate, akavuka barabara bila kuniuliza. Alikaa huko muda mrefu. Nilizunguka vyumbani nikichochea moto.

Alirudi na kopo tupu. Nikamuuliza anafanya nini kule.

"Kakaa kwenye jiwe la kaburi la jirani," Keziah akasema. "Anamsimulia Mwalimu. Kila kitu, tangu alivyoondoka. Ndoa yake, Raine, mtoto alifananaje. Mtoto alikuwa na masikio ya Mwalimu, anasema."

Nikauliza kama atakuja kula.

"Kanishukuru kwa chai. Kasema anawahi treni."

Nikamshika mkono. Nikamuuliza, juu yangu amesema nini? Amemwambia Baba nini juu yangu?

Keziah alinitazama, na ninajua alitafuta kitu cha kunipa, maana alichelewa kujibu.

"Hakukutaja, Bi Hester."

Treni ya saa kumi imepita. Nimepanda juu, nimezima moto, chumba kimoja kimoja.